Wa Kwanza Kufungua Alipewa Orodha ya Zamani

Saa moja na robo asubuhi. Mlango mkubwa wa mahakama bado una komeo, na mfagizi anamwaga maji kwenye ngazi za mbele. Ndani, katika chumba kilichokuwa stoo ya mafaili, mwanamke mmoja amekaa mbele ya skrini mbili. Viatu kavua. Kikombe chake cha chai kimefunikwa kwa kisahani.

Kwenye skrini ya kushoto, mistari inapanda taratibu. Kila mstari una jina la mahakama moja, saa, na neno moja tu: imesomwa. Mahakama zinazotumia tovuti hii ni kumi na nne, kwa hiyo mistari ni kumi na minne. Ikiisha, skrini inatulia dakika kumi, kisha inaanza upya.

"Hapo hakuna mtu aliyeomba kitu," anasema bila kugeuka. "Inajiendea yenyewe huko nyuma. Watu wakifungua simu zao wanakuta tayari."

Kazi yake ni hiyo: kuhakikisha orodha ya mashauri ambayo watu wanaiona kwenye simu ni ile ile iliyopo masjala, si ya jana wala ya juzi. Ikionyesha siku isiyo yake, mtu anaweza kufika mahakamani akakuta shauri lake limeshafutwa.

Jina lake kamili wenzake wamelisahau siku nyingi. Wanamwita Pini. Mahakimu wanamwita Pini, walinzi wanamwita Pini, na barua ya onyo aliyoandikiwa mwaka jana kwa jina lake halisi ilikaa masjala siku mbili kwa sababu tarishi hakujua ni ya nani.

Alianza hapa miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa mhudumu wa ofisi. Orodha za mashauri zilichapwa kila asubuhi, naye alizibeba na kuzibandika kwenye mbao tano za matangazo, katika orofa tatu. Pini alizibana midomoni, kama mshona nguo, ili mikono ibaki huru.

"Tarehe ikibadilika saa nne, saa nne na dakika tano nimeshabandika karatasi nyingine," anasema. "Ya zamani naichana pale pale, mbele za watu. Sikutaka mtu aje asome kitu kilichokwisha."

Kisha ikaja tovuti, na mbao zikang'olewa. Kampuni iliyoitengeneza ilikaa mwaka mmoja, mkataba ukaisha, mafundi wakafunga mabegi. Hakubaki mtu wa kuiangalia isipokuwa mhudumu aliyekuwa akiwapelekea chai na kuwasumbua kwa maswali. Mmoja wao alimwachia kitabu kinene cha mafunzo, kurasa zake zimejaa alama za kalamu. Pini alikisoma mwaka mzima, akaenda darasa la jioni miaka miwili. Kwa miaka mitatu alifanya kazi ya fundi akilipwa mshahara wa mhudumu.

"Cheo kilikuja," anasema. "Kilikuja kimechoka, lakini kilikuja."

Tatizo kubwa wakati huo lilikuwa asubuhi. Kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu, watu zaidi ya elfu tatu walifungua orodha kwa mkupuo. Kila mmoja alipofungua, seva, yaani kompyuta kubwa inayohudumia tovuti, ilikwenda masjala kuuliza upya, kana kwamba karani anaitwa dirishani mara elfu tatu kujibu swali lile lile. Ilizidiwa, ikaganda. Simu za mezani zikalia mpaka makarani wakawa wanaziweka pembeni.

Pini akaweka utaratibu mpya. Seva itunze nakala ya kila orodha, kile ambacho mafundi wenzake wanakiita kache na yeye anakiita nakala ya akiba. Mtu akifungua, apewe nakala iliyopo hapo hapo. Akishapewa, seva iende masjala kimya kimya, mara moja tu kwa wote waliofungua pamoja, ichukue orodha mpya, imwekee atakayefuata.

"Ni kama mgeni anayekuta chakula mezani," anaeleza. "Anakula kilichopo, na wewe jikoni unawasha moto kwa ajili ya mgeni anayekuja nyuma yake. Wageni wakifuatana, hakuna anayekula kiporo."

Tovuti ikawa inafunguka kabla mtu hajapepesa macho. Msajili wa mahakama, ambaye ndiye mkuu wake wa kazi, aliliandika jambo hilo kwenye ripoti ya mwaka. Pini akapewa cheti chenye fremu, akakitundika sebuleni.

Miezi minane baadaye, siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne, seremala mmoja alifika mahakamani akiwa amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi mpaka likang'aa.

Seremala huyo ana miaka hamsini na minane. Anatengeneza madirisha na milango, na karakana yake imekuwa kwenye kiwanja kimoja kwa miaka ishirini na miwili. Aliyemkodisha kiwanja alifariki, na warithi walitaka kukiuza kikiwa kitupu. Seremala alikuwa na mkataba ulioandikwa kwa mkono, akaenda mahakamani, akapata zuio. Shauri likiwa hai, karakana haiguswi. Shauri likifa, zuio nalo linakufa.

Siku hiyo alikuja na dada yake mkubwa, aliyeshuhudia mkataba ukitiwa saini. Dada huyo anatembea kwa mkongojo, na iliwachukua muda kupanda zile ngazi. Saa mbili kamili walikuwa wameshakaa kwenye benchi la masjala, folda ya plastiki mapajani.

Dirisha lilipofunguliwa, karani akapekua, akasema, "Shauri lenu lilifutwa Jumatatu, mzee. Liliitwa mara tatu, hamkuwepo."

"Jumatatu ipi?"

"Hii iliyopita. Tarehe kumi na moja."

"Siku yangu ni leo," seremala akasema. "Niliangalia kwenye simu Jumatatu hiyo hiyo asubuhi, kabla sijaenda kazini. Iliandikwa tarehe kumi na nne."

"Kila anayekosa siku yake ananiambia hivyo."

Seremala akafungua simu, akaipitisha kwenye tundu la dirisha. Ukurasa ulionyesha tarehe kumi na moja, na mbele yake neno limefutwa. Karani akairudisha.

"Sasa nani mkweli, mzee, wewe au simu yako?"

Chumba cha Pini kimetenganishwa na dirisha hilo kwa ukuta wa mbao nyembamba. Alisikia kila neno.

"Nilikuwa upande wa karani," anakiri. "Sitaki kujipamba. Nilisema moyoni, mzee amejisahau, sasa anatafuta pa kujifichia."

Kilichomfanya anyanyue kichwa ni mazungumzo ya benchini, baada ya wale wawili kurudi kukaa. Dada mtu alisema, "Nilikwambia uandike kwenye kalenda." Seremala akajibu kwa sauti ya chini, "Niliandika, dada. Niliandika nilichokiona." Hakugomba, hakuita wakubwa. Walikaa kama nusu saa, wakaondoka polepole.

Wakati wa chakula cha mchana Pini alifungua kumbukumbu za seva, kule kunakoandikwa nani alifungua nini na saa ngapi. Kila anayetafuta orodha huandika kwanza namba ya shauri lake, na namba hiyo hubaki. Alitaka, anasema, kumthibitishia karani kwamba yuko sahihi, jambo liishe.

Akaikuta namba ya seremala. Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Mwisho wa mstari kulikuwa na umri wa nakala aliyopewa: saa sitini na saba na dakika kumi na mbili.

Akazima skrini, akaiwasha tena. Mstari ulikuwa pale pale.

Mambo yalikuwa hivi. Shauri la seremala liko kwenye mahakama ya viwanja, ambayo ni ndogo na haifunguliwi na watu wengi. Nakala yake ya akiba ilichukuliwa Ijumaa saa tano asubuhi. Siku hiyo hiyo saa tisa alasiri, hakimu alilivuta shauri kutoka Alhamisi hadi Jumatatu kwa sababu alikuwa na safari, na karani akaandika mabadiliko. Jumamosi na Jumapili hakuna aliyeugusa ukurasa ule. Jumatatu asubuhi wa kwanza kuufungua akawa seremala, naye akapewa kilichokuwa mezani tangu Ijumaa.

Akasoma, akafunga simu, akapanda pikipiki kwenda kupachika madirisha ya shule iliyo mbali na mji. Nyuma yake, seva ikaenda masjala ikachukua orodha mpya, kama ilivyofundishwa. Dakika saba baadaye, karani wa wakili wa warithi alifungua ukurasa ule ule kwa namba ile ile, akaona tarehe kumi na moja.

"Aliyemletea mwenzake habari alikuwa seremala mwenyewe," Pini anasema. "Angelala kidogo zaidi, angeikuta mpya."

Kanuni ya mahakama inasema mabadiliko yakishawekwa kwenye tovuti, wahusika wamehesabiwa kuwa wamearifiwa. Anayetaka shauri lake lirudishwe ana siku thelathini za kuomba, na lazima aonyeshe sababu ya kutosha. Kwa macho ya sheria, kusema "simu iliniambia" bila ushahidi ni sawa na kutosema kitu.

Jioni ile Pini alimweleza mume wake, ambaye ni mpaka rangi wa nyumba. Walikuwa jikoni, mume akisugua mikono kwa mafuta ya taa kutoa rangi.

"Nani mwingine anajua?" mume akauliza.

"Mimi na kompyuta."

"Kompyuta haisemi."

"Haisemi. Ndiyo maana nimeshindwa kula."

Mume akaendelea kusugua vidole kimoja kimoja. Binti yao alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na rangi ya nyumba ni kazi ya msimu. Mshahara wa Pini ndio ulioishikilia nyumba. Baadaye, wakati wa kulala, akamwambia mke wake, "Kesho vaa viatu vya chini. Utasimama sana."

Pini aliviweka viatu hivyo mlangoni.

Asubuhi alimpelekea msajili ripoti ya kurasa mbili, na pamoja nayo barua ya kuomba ruhusa ya kula kiapo mahakamani kuhusu kilichotokea. Msajili si mtu mbaya. Pini analirudia hilo mara mbili. Aliisoma ripoti yote, akavua miwani.

"Ripoti ya ndani, sawa," akasema. "Hii tutairekebisha. Kiapo ni habari nyingine. Ukisema mahakamani kwamba tovuti yetu ilitoa tarehe isiyo sahihi, kila aliyefutiwa shauri tangu mwaka jana atapanga foleni hapo nje."

"Wengine watakuwa na haki, bosi."

"Na wengine watakuwa wanatafuta upenyo. Niachie nilifikirie."

Barua ikaingia kwenye droo. Pini alirekebisha kilichokuwa mikononi mwake: jioni ile ile aliweka amri kwamba karani akibadilisha tarehe, nakala ya akiba ya mahakama hiyo ifutwe papo hapo. Ilikuwa kazi ya mistari tisa. "Mistari tisa," anarudia. "Niliiona rahisi mno nikajichukia."

Siku zikaenda. Tarehe ishirini na tano aligonga tena mlango wa msajili.

"Siku zake thelathini zinakwisha, bosi."

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na sita."

"Basi bado zipo," msajili akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Siku iliyofuata seremala alikuja kununua fomu za maombi. Alikuwa peke yake, hana wakili, na kwenye nafasi ya sababu alikuwa ameandika kwa penseli, "Niliangalia kwenye simu," akafuta, akaandika tena. Pini alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Alitoka, akasimama kando yake kwenye kaunta, mbele ya karani.

"Kaka," akamwambia, "unayo haki ya kuomba kumbukumbu za seva za siku ile. Andika hivyo hivyo: kumbukumbu za seva, Jumatatu tarehe kumi na moja, kwa namba yako ya shauri."

Seremala akamtazama. "Seva ni nani?"

"Si mtu. Wewe andika. Watajua."

"Wewe ni nani, dada?"

"Mimi ndiye niliyeitengeneza hivyo."

Pini anasema seremala hakuuliza kilichotengenezwa ni kitu gani. Alilamba ncha ya penseli, akaandika neno kwa neno, akasoma kwa sauti kuhakikisha hakukosea.

Ombi lilipanda mpaka meza ya msajili siku hiyo hiyo. Kabla ya saa tisa Pini aliitwa. Barua yake ilikuwa imetolewa kwenye droo, imelala juu ya meza.

"Fundi wa milango amejuaje kwamba kuna kitu kinaitwa kumbukumbu za seva?"

"Nilimwambia."

Msajili aliivuta barua karibu. Kisha akachukua kalamu, akatia saini ruhusa.

"Utakula onyo la maandishi," akasema. "Kwa kupita nyuma yangu, si kwa kosa la tovuti. La tovuti nililisifia mimi mwenyewe kwenye ripoti."

"Nimeelewa."

"Na kiapo chako kiwe kifupi. Kiandike kwa lugha ambayo hakimu ataielewa."

Maombi yalisikilizwa siku tisa baadaye. Pini alikuwa amefanya kazi kwenye jengo hilo miaka kumi na minane bila kusimama kizimbani. Anakumbuka kwamba ubao wa kushikilia ulikuwa laini kwa kushikwashikwa. Wakili wa warithi alimbana. Je, ana uhakika aliyefungua ni seremala, au mtu mwingine yeyote mwenye namba ile? Je, hana undugu naye? Je, si kweli kwamba mfumo huo huo alitunukiwa cheti?

"Ni kweli nilitunukiwa," Pini akajibu. "Cheti kiko kwangu. Hakisemi chochote kuhusu saa sitini na saba."

Watu wawili watatu nyuma walicheka, hakimu akawatuliza kwa mkono. Kisha akauliza swali lake mwenyewe. Pini anasema alilijibu kwanza kichwani kabla ya kufungua mdomo, kwa sababu alijua ndilo litakaloamua.

"Kwa hiyo, kama nimekuelewa, mtu aliyekuwa makini kuliko wote asubuhi ile ndiye aliyepewa tarehe isiyo sahihi?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kwa sababu alikuwa wa kwanza."

"Na yeye angeweza kujua?"

"Hapana, mheshimiwa. Ukurasa haukuwa na mahali popote paliposema ulisomwa lini. Hilo sikuliweka."

Shauri lilirudishwa, zuio likarudi pamoja nalo. Dada wa seremala, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na mkongojo wake, aliuliza kwa sauti kama wanaweza kwenda nyumbani sasa. Nje kwenye ngazi, seremala alimpa Pini mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Mlango wako wowote ukigoma kufunga, niite." Kisha akamshika dada yake kiwiko, wakashuka.

Shauri lenyewe bado linaendelea. Warithi hawajakata tamaa, na seremala hajui litaishaje. Alipoulizwa kwa simu, sauti ya msumeno ikisikika nyuma yake, alisema jambo moja tu: "Nikishindwa, nishindwe nikiwepo."

Onyo lilikuja kweli, likawekwa kwenye faili. Cheti Pini alikitoa sebuleni. Hakukitupa, kiko kabatini, chini ya mashuka. Mume wake alipaka rangi mahali kilipokuwa, kwa sababu ukuta ulikuwa umebaki na alama.

Kazi iliyofuata ilimchukua miezi miwili. Kwanza alibadilisha mpango mzima. Siku hizi seva haisubiri mtu afungue ndipo iende masjala. Kuna programu ndogo inayozunguka yenyewe huko nyuma, kila dakika kumi, mahakama zote kumi na nne, kubwa na ndogo kwa zamu sawa, ikisoma upya na kubadilisha nakala. Yule wa kwanza na yule wa elfu tatu wanapewa kitu kimoja. Juu ya kila ukurasa, kwa herufi nene, kuna mstari unaosema orodha ilisomwa saa ngapi. Programu ikikwama, ukurasa unamwambia mtu waziwazi apige simu masjala.

"Makarani hawakuupenda mstari huo," Pini anasema. "Simu ziliongezeka. Nikawaambia, afadhali simu."

Pili, kwa ruhusa ya msajili, alirudi nyuma kwenye kumbukumbu za miezi minane. Alitafuta kila mtu aliyeandika namba ya shauri akapewa nakala iliyopitwa na mabadiliko. Aliwapata kumi na mmoja. Wanane waliangalia tena baadaye, au siku yao ilisogezwa mbele wakaja mapema bila hasara zaidi ya nauli. Watatu walifutiwa mashauri.

Mmoja ni seremala. Wa pili ni dereva wa lori, ambaye alipopigiwa simu alisema alishafungua shauri jipya na hataki kusikia habari za kompyuta. Lakini wiki mbili baadaye alipiga mwenyewe kuomba nakala ya kiapo.

Wa tatu ni mwanamke anayefulia watu nguo, mjane, aliyeomba kusimamia mirathi ya marehemu mumewe. Namba yake ya simu haipatikani. Barua iliyopelekwa na tarishi ilirudi imeandikwa "amehama". Kwenye faili, anwani yake ni maneno sita: nyumba ya pili, mashine ya kusaga.

Pini aliomba daftari la wageni la getini la mwezi ule. Jina la mjane limo. Aliingia siku ile ile aliyoonyeshwa na tovuti, siku mbili baada ya shauri lake kufutwa. Alifika saa mbili kasoro, akatoka saa saba mchana. Ametia saini kwa herufi kubwa zilizoachana, za mtu anayejua kusoma lakini haandiki mara kwa mara. Hakuna karani anayekumbuka kumwona dirishani. Yaelekea alikaa benchini akisubiri kuitwa, hakuitwa, akaondoka.

Msajili amekubali kwamba akipatikana, maombi yake yatapokelewa hata kama siku thelathini zilishapita. Amelitolea barua jambo hilo, na nakala iko kwenye mkoba wa Pini. Fomu zimeshajazwa kinachoweza kujazwa. Imebaki saini.

Mwezi ujao Pini anachukua likizo ya siku saba, ya kwanza tangu apewe cheo. Mume wake amesema atamsindikiza. Kwa kuuliza kwa watu wanaofua nguo mjini, wameambiwa kuna mitaa mitatu yenye mashine ya kusaga ambako huenda alihamia, na wataanza na wa karibu. Tovuti itaangaliwa na fundi kutoka mahakama kuu, na Pini amemwachia maelezo ya kurasa kumi na mbili.

Saa mbili kasoro robo. Mlinzi anafungua komeo, na miguu ya watu inaanza kusikika kwenye ngazi zenye maji. Pini anavaa viatu. Mistari kumi na minne imepanda tena, na kwenye kila mmoja neno ni lile lile.

"Ninavyofikiri, yule mama mpaka leo anaamini yeye ndiye aliyekosea tarehe," anasema. "Pengine ndiyo maana hakuuliza. Aliona aibu. Za kisheria nitamweleza polepole, na fomu nitampa. Lakini nikimkuta, kabla hata sijakaa, nitamwambia alisoma sawasawa."